Likizo ya uzazi inaisha: nakaa Kivule, kazi iko Posta, muda wa kunyonyesha nitautumiaje?

Mama Nasra

Habari za leo wapendwa. Naomba mawazo yenu, hasa akina mama mliorudi kazini huku mnanyonyesha.

Mimi ni karani wa hesabu kwenye kampuni ya uwakala wa forodha, maeneo ya Posta, Dar es Salaam. Mtoto wangu wa kwanza ana miezi miwili na ushee, na likizo yangu ya siku 84 inaisha wiki ijayo. Nakaa Kivule. Anayeijua njia hiyo hahitaji maelezo: daladala mpaka Banana, pale unagombania ya Posta, kisha foleni ya Barabara ya Nyerere. Ili niingie kazini saa 2 asubuhi lazima niwe nimetoka nyumbani kabla ya saa 12. Jioni nikitoka saa 11, nikifika saa 2 usiku nashukuru.

Juzi nilipiga simu ofisini kuuliza kuhusu muda wa kunyonyesha. Afisa utumishi akaniambia nitumie saa yangu ya chakula, ila niwahi kurudi. Niwahi kurudi kutoka wapi? Posta mpaka Kivule kwenda na kurudi ni nusu siku. Nikamuuliza kama kuna mahali naweza kukamulia maziwa. Akanyamaza kidogo, akasema choo cha wanawake kina kitasa. Ndugu zangu, chakula cha mtoto kikaandaliwe chooni? Lile neno limenikaa rohoni mpaka sasa.

Nyumbani mama mkwe amekuja kutoka Korogwe, Mungu ambariki, ndiye atakayebaki na mtoto. Lakini yeye haoni nahangaika na nini. Anasema mpeni maji na uji mwepesi, baba yake alilelewa hivyo hivyo na leo ni mwanaume mzima. Mume wangu ni fundi umeme, mimi na yeye tunaelewana vizuri, ila mbele ya mama yake maneno yanamuishia.

Kwa hiyo nauliza: hizo saa za kunyonyesha zipo kisheria au ni hisani ya bosi? Kama zipo, naruhusiwa kuzitumia mwisho wa siku ili niwahi kutoka? Maziwa nikikamua Posta yatafika Kivule salama na joto hili? Na mama mkwe nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Kuacha kazi sitaki. Mdogo wangu yuko chuo, ada yake ni mimi. Na kazi yenyewe naipenda, nimeisomea. Ila nikimwangalia mtoto ananyonya, nikapiga hesabu ya saa atakazokaa bila mimi, machozi yananitoka bila kupenda.

Dada wa Tawi

Hongera mama, na pole. Mimi ni mjumbe wa kamati ya wanawake kwenye tawi letu la chama cha wafanyakazi, suala lako naletewa kila mara, nitaandika kwa kirefu.

Siyo hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, hicho hicho kilichokupa siku 84 (na aliyejifungua pacha siku 100), kinamtaka mwajiri amruhusu mfanyakazi anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Saa ya chakula ni jambo lingine kabisa, iko kifungu cha 23: anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo ana haki ya mapumziko ya dakika 60 kama kila mtu. Akikwambia unyonyeshe saa ya chakula, amekunyang'anya haki moja akadhani amekupa nyingine. Na kifungu hicho cha 33 kinasema unarudi kwa masharti yale yale uliyokuwa nayo. Asije mtu akakuhamishia kazi ya chini au kukukata mshahara kwa sababu umezaa.

Sasa kuhusu kuzitumia mwisho wa siku. Kifungu hakijapanga zianze saa ngapi. Wengi niliowasaidia walikubaliana na waajiri wao kuziunganisha: ama unaingia saa 4 asubuhi, ama unatoka saa 9 alasiri. Kwa mtu wa Kivule, mimi ningechukua kutoka saa 9. Ile daladala ya saa 9 na ile ya saa 11 siyo safari moja, hilo unalijua kuliko mimi.

Usikubaliane kwa mdomo. Andika barua ya ukurasa mmoja: tarehe unayorudi, kwamba unanyonyesha, kifungu, na ratiba unayoiomba. Ambatanisha nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto au kadi ya kliniki. Peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea ubaki nayo. Nimewaona wanawake wenye haki zote wakishindwa kwa sababu msimamizi aliyewakubalia alihamishwa, aliyekuja akasema mimi sijui makubaliano hayo.

Wakikataa, nenda kwa Afisa Kazi, yule wa serikali anayesimamia sheria za kazi. Kuna pia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ambako hulipii kufungua shauri. Ila muda ni mfupi: kwa mgogoro wa kuachishwa kazi ni siku 30, kwa migogoro mingine siku 60. Watu wanakaa wakivumilia miezi mitano ndipo wanakuja.

Kuhusu choo, nakasirika na wewe. Hakuna ofisi isiyo na stoo ya makaratasi au chumba cha mikutano kinachokaa kitupu asubuhi. Omba ufunguo, kiti na pazia. Havimgharimu mwajiri hata senti tano.

Mwenye Duka, Mwanza

Dada wa Tawi amesema vizuri, ila nitasema kutoka upande wa pili. Nina duka la vifaa vya ujenzi, nimeajiri watu sita, watatu wanawake. Sheria naijua na naifuata. Lakini mama, usianze na barua yenye vifungu. Mwajiri mdogo akiona kifungu kwenye sentensi ya kwanza anahisi amepelekwa mahakamani kabla hajatenda kosa, anafunga moyo.

Mhasibu wangu alipokuja kuniomba hilo hilo, alikuja na daftari. Aliandika kazi zake zote za siku: ipi lazima iishe mchana, ipi inaweza kufanywa kesho yake asubuhi, ipi mwenzake wa kaunta angeweza kumshikia jioni naye angemlipia kwa kumwandalia stakabadhi za asubuhi. Tulimaliza mazungumzo kabla chai haijapoa. Hofu yangu ilikuwa moja tu, nani atafunga hesabu jioni, na yeye alikuja na jibu. Yule mama bado yuko kwangu. Kumpoteza na kufundisha mgeni kungenigharimu kuliko hizo saa mbili.

Kwa hiyo mpango kwanza, barua baadaye.

Dada wa Tawi

Nakubali kuhusu daftari, na nitaanza kuwashauri wengine hivyo. Kuhusu barua kusubiri, hapana. Wewe ni mwajiri mwema, mwenye duka mwingine simjui. Mama aingie na mpango mkononi, azungumze kwa heshima, na akitoka hapo hapo aandike walichokubaliana. Siku hiyo hiyo.

Nesi wa Kliniki

Mama Nasra, mimi ni muuguzi kliniki ya mama na mtoto, nijibu habari ya maziwa.

Maziwa yako yatafika Kivule. Unahitaji kibegi cha kutunza ubaridi, vile vinavyouzwa Kariakoo vyenye karatasi ya kung'aa ndani, na vifuko viwili vitatu vya barafu vilivyoganda kabisa. Humo yanakaa hadi saa 24. Yakiwa nje, kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, yanakaa saa nne, lakini Dar ni mara chache utapata nyuzi 25 mchana, hivyo usiyaache mezani hata kidogo. Kwenye friji yanakaa siku nne, yaweke nyuma kabisa, siyo mlangoni, mlangoni joto linaingia kila friji ikifunguliwa. Kama friji ya ofisi ina samaki wa watu na soda, weka chupa zako ndani ya kontena lenye mfuniko, andika jina na tarehe.

Mashine siyo lazima. Mkono unatosha kabisa. Nawa kwa sabuni, kaa mahali umetulia, kanda titi taratibu. Kidole gumba kiwe juu na vidole vingine chini, nje kidogo ya duara jeusi linalozunguka chuchu. Sukuma kurudi nyuma kuelekea kifuani, kisha bana, achia. Sukuma, bana, achia. Usikokote ngozi, utaumia bure. Mwanzoni vitatoka vitone tu, usikate tamaa, baada ya dakika moja au mbili yanaanza kuruka. Zungusha vidole ili upande wote ukamuliwe. Matiti yote mawili ni dakika 20 hadi 30. Ukiwa Posta siku nzima, kamua kila baada ya saa tatu hivi, hata kama leo mtoto ana maziwa ya kutosha nyumbani. Titi lisilotolewa maziwa linapunguza kutengeneza.

Bibi atampa kwa kikombe, siyo chupa. Vile vikombe vidogo vya kahawa visivyo na mkono vinafaa sana. Mtoto akae karibu wima mapajani, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, maziwa yafike tu kwenye midomo yake. Atatoa ulimi alambe mwenyewe. Bibi asimmiminie, atapaliwa. Kupasha moto ni kukiweka chombo kwenye bakuli la maji ya moto, siyo kwenye jiko. Aliyoyabakiza kwenye kikombe yasirudishwe, yakipita saa mbili tangu aanze kunywa yamwagwe.

Mazoezi yaanze leo, siyo siku unayorudi kazini. Na wewe usiwepo chumbani. Mtoto akikusikia harufu hatakubali kikombe.

Usiku mnyonyeshe kadiri anavyotaka, ndipo homoni ya kutengeneza maziwa inapanda zaidi. Najua utakuwa umechoka. Mwambie baba amtoe kitandani, akuletee, akubeulishie, akubadilishie nepi. Wewe ubaki kulala.

Na hayo machozi uliyoyaandika mwishoni. Kulia ukifikiria kumwacha mtoto ni kawaida. Lakini ukiona huzuni haikuachii kwa wiki mbili, au huwezi kulala hata mtoto akiwa amelala, au unaona huna thamani kwake, njoo kituoni useme. Inaitwa sonona baada ya kujifungua na ina matibabu. Wakija kliniki tunawapima watoto uzito, na akina mama nao wangetakiwa waulizwe wamelalaje.

Mama Tumaini, Nakuru

Salamu kutoka Kenya. Nasoma hapa nikiona wenzetu mmepewa saa mbili, sisi Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imetupa muda usiozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi, mbali na wakati wa chakula. Ila sheria hiyo hiyo imemwagiza mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea kazini, na siyo choo. Kwetu kazini walichukua kastoo walikoweka viti vibovu, wakakapaka rangi, wakaweka sinki, friji ndogo, meza na soketi ya umeme. Mlangoni kuna kibao cha kugeuza, mtu akiwa ndani hakuna wa kugonga. Mwonyeshe meneja wako picha ya chumba kama hicho. Wengi hukataa kwa sababu hudhani unaitisha jengo.

Kitu kingine, tafuta mwenzako mmoja. Sisi tulikuwa wawili tunanyonyesha wakati mmoja, tukienda pamoja kwa meneja ilikuwa rahisi kusikizwa.

Baba Ima

Naongea kama mume. Mimi sheria ilinipa siku tatu za likizo mke wangu alipojifungua. Siku tatu, mama bado hajaweza hata kukaa vizuri, mimi nimesharudi kazini. Kwa hiyo najua mume wako anaweza kudhani sehemu yake imekwisha.

Mwambie hivi: suala la maji na uji ni lake. Ni mama yake. Ukilisema wewe unakuwa mkwe mjuaji, akilisema yeye ni mtoto anazungumza na mzazi wake. Mimi nilimwambia mama yangu, "Mama, daktari ametuagiza miezi sita maziwa tu, nami nimekubali, naomba unisaidie nisivunje ahadi." Hakufurahi siku ile. Lakini akawa yeye ndiye anayewafukuza majirani wanaokuja na vikombe vya maji.

La pili ni nyumba. Sisi tulikuwa Chanika, tukahamia chumba kimoja Buguruni kwa muda wa kunyonyesha tu. Kodi ilikuwa juu na mwenye nyumba alitaka ya miezi sita kwa mpigo, tuliuza friza tukalipa. Lakini mke wangu alikuwa anafika nyumbani jua bado lipo. Alikuwa anaoga, anakula chakula cha moto, anakaa na mtoto kabla giza halijaingia. Sura yake ilibadilika. Kama bajeti inaruhusu fikirieni hilo.

Mama Nasra

Jamani sijui niwashukuruje. Nimesoma yote nikiwa jikoni, mengine nimemsomea mume wangu kwa sauti.

Kuhama hatuwezi sasa, tumejenga hapa Kivule vyumba viwili na bado tunadaiwa mabati. Ila mengine nimeyafanyia kazi. Jana nilikwenda ofisini mwenyewe badala ya kupiga simu. Nilichukua ushauri wa Mwenye Duka nikaandika kazi zangu. Ankara zinazoingia asubuhi nazimaliza kabla ya chakula, malipo ya bandari mwisho wake ni saa 8, na zinazofika jioni mwenzangu atazipokea na kuziweka kwenye trei yangu, mimi nitamfanyia usuluhishi wa benki wa kila Jumatatu (kulinganisha hesabu zetu na taarifa ya benki) ambao yeye haupendi. Meneja wa fedha alisoma yote, akaniuliza maswali mawili, akasema sawa, utoke saa 9. Afisa utumishi alikuwepo. Nilipotaja kifungu cha 33 kwa upole alisema ngoja aangalie, akaangalia, akanyamaza. Barua nimeiacha mapokezi na nakala yangu imegongwa muhuri, Dada wa Tawi usiwe na wasiwasi.

Chumba bado. Wamenipa stoo ya mafaili ila mlango haufungi na dirisha linatazama ngazi za wafanyakazi. Mume wangu amesema ataniwekea kitasa Jumamosi kama wataruhusu, pazia nitashona mwenyewe.

Mama mkwe ndiyo bado. Mume wangu alimwambia, naye akauliza: na joto hili, mtoto hana kiu? Mume wangu hakuwa na jibu. Nesi, tumjibuje? Na nyingine: tangu jana titi la kushoto lina uvimbe mgumu upande wa kwapani, linauma nikiligusa.

Nesi wa Kliniki

Nianze na titi. Uvimbe huo huenda ni mrija wa maziwa ulioziba. Endelea kumnyonyesha upande huo, usiache, na umbadilishie mkao ili kidevu chake kielekee kwenye uvimbe. Ukimaliza kunyonyesha weka kitambaa cha maji baridi kupunguza maumivu. Usilikande kwa nguvu, na mtu asikwambie ulipige kitana. Sidiria inayobana ivue. Ukipata homa, au ngozi ikawa nyekundu na ya moto, au kesho kutwa bado liko vile vile, nenda kituo cha afya usingoje, huenda ukahitaji dawa, na dawa zipo ambazo mama anayenyonyesha anatumia.

Kwa bibi: mwambieni maziwa ya mama zaidi ya asilimia 80 ni maji, kwa hiyo mtoto akinyonya amekunywa. Siku ya joto atanyonya mara nyingi zaidi, anajipimia mwenyewe. Ukimpa maji tumbo lake dogo linajaa, ananyonya kidogo, na hayo maji ndiyo yanayoleta kuhara. Halafu mpeni kazi ya kuangalia: ahesabu nepi. Akikojoa mara sita au zaidi kwa siku na mkojo ni mweupe, hana kiu.

Chanjo ya wiki 14 inakuja, sivyo? Mwende na bibi. Kliniki kwetu, akina mama wakija na bibi, hao bibi nawaachia kiti cha mbele na nawauliza wao kwanza mtoto anaendeleaje. Nesi wa hapo kwenu mwombeni afanye hivyo hivyo.